Mbwa Aliyebwekea Hodi

Kwetu mtu hafiki mlangoni mwa mwenzake akasimama kimya kama nguzo ya umeme. Atapiga hodi. Atapiga hata kama mlango uko wazi na anakuona umekaa unakula, na wewe utamkaribisha hata kama kwenye sahani limebaki tonge moja na umeshalitolea macho. Na katika watu wote wapigao hodi chini ya jua hili la Dodoma, sijaona wa kumfikia mama yangu mzazi. Mama anapiga hodi kwenye zizi la mbuzi kabla hajaingia. Ukimuuliza sababu, anasema mbuzi nao wana mambo yao.

Nalisema hili mapema ili ueleweke vizuri ukubwa wa balaa nililojitengenezea kwa mikono yangu, tena nikiwa na akili zangu timamu na cheti kabatini.

Cheti hicho nilikipata ukubwani, shule ya jioni. Mchana nilikuwa fundi wa madirisha ya aluminiamu, jioni nakaa kwenye dawati lililotengenezewa watoto, magoti yakiwa usawa wa masikio. Darasani tulikuwa na dereva wa lori, mama mmoja muuza maandazi ambaye kikapu chake kilitufundisha uvumilivu kuliko walimu wote, na mlinzi aliyesinzia kwa ustadi mkubwa hivi kwamba mwalimu akimuuliza swali alikuwa anajibu usingizini, na anapata. Mimi nililipenda somo la baiolojia. Siku tuliyofundishwa kwamba mnyama akipewa chakula kila afanyapo jambo fulani atalirudia jambo hilo, nilirudi nyumbani nikiwatazama viumbe wote kwa jicho jipya. Mke wangu aliniona nikimtazama, akanikataza kabla sijaanza.

Wakati huo tulikuwa tumehamia kwenye nyumba yetu wenyewe, pembeni ya mji, upande wa kuelekea Zuzu. Uzio ulikuwa wa minyaa na geti la bati nililolichomelea mimi mwenyewe. Hatujazoea hata mlio wa upepo kwenye paa, mtu akaingia, akang'oa koki ya tenki la maji na kuondoka nayo. Asubuhi tulikuta tenki tupu na ua umelowa kama mashamba ya mpunga. Kwa Dodoma hiyo ni sawa na kumwaga maziwa ya ng'ombe wa wilaya nzima. Mke wangu alilitazama lile tope, akasema, "Tafuta mbwa." Yeye, ambaye siku zote alisema mbwa atafugwa humo ndani siku yeye mwenyewe akishazikwa.

Nilimpata huko wilaya ya Chemba. Nilikwenda kufunga madirisha kwenye nyumba ya mfugaji mmoja, na chini ya kitoroli chake mlikuwa na mama mbwa na watoto wamelaliana kama viazi. Mfugaji akaniambia nichague. Nikachagua yule aliyekuwa amewakalia wenzake kichwani, nikiamini ndiye mwenye uongozi. Nilimtia kwenye boksi la misumari nikapanda naye basi. Alilia njia nzima. Konda akaja akanitazama, akalitazama boksi, akauliza, "Mzee, umebeba shule ya chekechea?"

Jina tulimpa, ila sitalitaja, kwa sababu lilikuwa jina la heshima kubwa kuliko mwenendo wake.

Siku za mwanzo alilia kila tulipomwacha peke yake, na aliyemnyamazisha ni mke wangu, yule yule. Alijaza maji ya moto kwenye chupa, akaizungushia kanga yake kuukuu, akamlaza navyo kwenye boksi. Mtoto wa mbwa akaikumbatia ile chupa kama mama yake. Kazi ya haja ilikuwa yangu. Kila akimaliza kula, kila akiamka, nambeba hadi kwenye mchanga pembeni ya choo, nasubiri, na akimaliza namsifu kama mtu aliyeongoza mtihani wa taifa. Majirani walinisikia nikishangilia asubuhi asubuhi na hawakuuliza. Meno nayo yalimwasha. Alikula ndala za nyumba nzima, tena za kushoto tu, akala futi yangu ya kupimia, akaanza mguu wa kochi. Reli ya kati haiko mbali na kwetu. Nashukuru hakuiona, treni zingesimama mpaka Kigoma. Tukajifunza kumpa mfupa wake kila alipoanza kuguguna visivyo vyake, na alipotuuma mikono tuligeuka tukamnyima macho, mchezo umekwisha. Akaelewa. Alikuwa na akili, sitamnyima sifa hiyo. Tatizo lilikuwa ni akili ya mwalimu wake.

Maana mimi nilitaka abweke. Sikufuga pambo. Na nikajiuliza: mtu akija nyumbani kwangu anafanya nini kwanza? Anapiga hodi. Basi nikatoka nje ya geti, nikalifunga, nikakohoa kidogo kama mgeni, nikasema, "Hodi." Mke wangu yuko ndani na sahani ya mapupu ya ng'ombe kutoka buchani, yamekatwa vipande. Mwanzoni mbwa aliinamisha kichwa tu, akishangaa kwa nini baba mwenye nyumba anabisha hodi kwake mwenyewe. Niliendelea. Siku moja akabweka kidogo, kama mtu aliyepaliwa. Akapewa kipande. Hodi, mbweko, kipande. Kabla hajamaliza kukua, ukisema hodi kwenye geti letu bati za mtaa wa pili zinatetemeka, na mimi nimesimama nje na mikono kiunoni, najiona profesa.

Waliokuja kupata tabu ni watu wenye adabu. Mjumbe alisimama na daftari lake la michango akapiga hodi, akarudi alikotoka. Mama wa mchicha alipiga hodi kwa upole zaidi, akabwekewa zaidi. Mwinjilisti wa kanisani kwetu, ambaye hodi yake ina sauti ya zaburi, alihubiri siku hiyo akiwa upande wa pili wa barabara.

Halafu koki ikaibwa tena. Asubuhi tulikuta tope lile lile, nyayo za malapa zimepita mpaka kwenye tenki na kurudi, na pembeni ya nyayo mchanga umefagiwa vizuri. Aliyeufagia ni mbwa wangu, kwa mkia. Alikuwa amekaa hapo akimtazama mgeni akifanya kazi.

Jirani yetu wa mbele, mzee wa Kiislamu anayefanya biashara ya mahindi kati ya Kibaigwa na mjini, alivuka barabara kuja kutupa pole. Alisimama mbali kidogo, kanzu ameikusanya mkononi, maana pua ya mbwa ikimgusa inabidi akafue kabla ya swala.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, msomi." Tangu nipate cheti hakuniita kwa jina lingine. "Kwa hiyo mwizi alipita hapa hapa?"

"Hapa hapa."

"Na mbwa hakusema kitu?"

"Hakusema."

Akalitafakari jambo hilo huku akilitazama tenki. "Basi kosa ni la mwizi," akasema. "Angepiga hodi, angekamatwa."

Nilicheka siku hiyo, na mke wangu alicheka akiwa anachota tope. Tungeendelea kucheka, kama si mama.

Mama anaishi Zuzu. Tangu tulipohamia alikuwa akija kila Jumamosi kwa bodaboda, amepakata kifurushi cha mlenda wa kukausha na karanga, analala, kesho yake tunakwenda wote kanisani. Nyumba hii aliijua tangu ikiwa msingi. Maji ya kuchanganyia zege alisomba mwenyewe kichwani, tukimkataza hasikii. Jikoni ana kigoda chake, na watoto wanajua hakikaliwi na mtu mwingine. Mbwa alipokuwa mdogo mama alimkuna masikio akasema ana mikono mikubwa, atakuwa dume la maana. Kisha mvua zikanyesha, akashika jembe, hakuja tena mpaka baada ya mavuno. Huku nyuma dume la maana likakua, na likasoma.

Siku aliyorudi nilikuwa ndani. Nilisikia pikipiki ikisimama, nikasikia sauti yake getini: "Hodi hapa." Nikafungua mdomo kuitikia. Mbwa aliniwahi. Na mimi, fundi, nilikuwa sijaweka komeo siku hiyo. Geti likafunguka kwa kifua cha mbwa na sauti yake yote ikatoka nje.

Hakumng'ata, wala hakumgusa. Alisimama mbele yake akibweka tu, kama alivyofundishwa, huku akitupia jicho nyuma kutafuta kipande chake. Lakini mama alirudi nyuma akakaa chini mchangani, na mlenda ukamwagika. Nilipofika ameshaanza kuukusanya, jani kwa jani, akiupuliza vumbi. Mbwa nikamvuta shingo. Mama hakupaza sauti. Alinyanyuka, akafunga kanga, akamwambia wa bodaboda asiondoke.

"Mama, samahani, ingia ndani."

"Baba," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "mbwa wa kwetu walikuwa wanabwekea fisi. Huyu wa kwako anabwekea adabu."

Akanikabidhi kifurushi, akarudi Zuzu.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Nikampigia simu.

"Mama, ukija we ingia tu. Usipige hodi. Asiyepiga hodi hamfanyi kitu."

"Niingie kwa mtu kimya kimya? Kama nani?"

"Kama mtu wa nyumbani."

"Mtu wa nyumbani ndiye anayepiga hodi vizuri kuliko wote."

"Basi nitamfunga mnyororo."

"Umfunge mbwa kwa sababu mama yako amekuja? Mbwa amekosa nini? Njooni nyie huku."

Tukaenda sisi. Lakini haikuwa sawa. Kule kwake sisi ni wageni, anatuchinjia kuku, anatuaga mapema jua lisituchwee. Kwetu alikuwa mwenyeji, anakaa kwenye kigoda anachambua mchicha na kumsimulia mke wangu mambo ambayo mimi mwanawe sijawahi kuambiwa. Sasa kigoda kimekaa tupu, watoto wanakizunguka kama kaburi. Mke wangu hakunilaumu. Alikifuta vumbi tu kila Jumamosi, nikiwa namwona.

Jirani akaniletea njia ya mkato. "Kibaigwa kuna mtu ana ghala la mahindi," akasema. "Anatafuta mbwa wa namna hii. Kesho lori langu linakwenda."

Nilimtazama mbwa. Alikuwa amelala na ile kanga kuukuu ya mke wangu, ambayo hakuwahi kuiachia. Nikawaza ghala zima la madalali wakipiga hodi kutwa, na mnyama anabweka mpaka akauke koo, akisubiri kipande kisichokuja. "Hapana mzee," nikasema. "Huyu nimemharibu mimi, acha nimtengeneze mimi."

"Kwa somo lile lile?"

"Lile lile."

"Mungu akusaidie," akasema, na nadhani hakuwa anatania.

Shule ya jioni ilikuwa imenifundisha kitu kimoja sahihi, nilichokosea ni mahali pa kuweka nyama. Tulikuwa tukimpa akishabweka. Sasa ilibidi tumpe kabla hajafungua mdomo. Tukaanza ndani, kwa kunong'ona. Mke wangu anasema "hodi" kwa sauti ya kumwambia mtu siri, na papo hapo kipande kinadondoka. Hana nafasi ya kubweka, mdomo umejaa. Kisha kwa sauti ya kawaida. Kisha kutoka jikoni, kutoka nyuma ya nyumba, kutoka kwenye minyaa. Akibweka, hapati kitu, tunarudi mbali zaidi na kuanza upya kwa sauti ndogo. Ilikuwa kazi ya subira, na nyumba yetu ikageuka kichekesho. Mtoto akitoka bafuni, hodi. Mke wangu akiingia na ndoo, hodi. Nadhani katika majuma yale zilipigwa hodi nyingi kwetu kuliko mkoa mzima tangu uhuru.

Tulipofika hatua ya geti tukahitaji sauti ya mgeni. Nikamwomba jirani.

"Nisimame wapi?"

"Pale pale kwako, ng'ambo. Sema kwa nguvu."

Akasimama barazani kwake, akashika kanzu yake, akaita hodi ambayo nina hakika waliisikia Singida. Mbwa akainua masikio, akanigeukia mimi, akaramba midomo. Kimya. Nilitaka kulia. Jirani akasogea mpaka katikati ya barabara, akaita tena. Kimya. Akapata moyo, akafika getini, akaita kwa mara nyingine, na hapo ndipo mbwa alipoelewa kwamba mtu huyu mwema ndiye chanzo cha nyama zote duniani. Akamkimbilia kumkumbatia. Mzee yule ana umri wa kuitwa babu, lakini alivyolizunguka lori lake siku hiyo hata vijana wa mbio za Uhuru wasingemwona kisogo.

"Msomi," akaniita kutoka juu ya bodi la lori, akihema, "afadhali aliponichukia."

Tukaongeza somo la pili. Mke wangu alitandika gunia la katani kivulini karibu na mlango wa jikoni, na kuanzia hapo kipande hakikutoka mkononi mwa mtu, kilitua kwenye gunia. Hodi, na nyama iko kwenye gunia. Ikabidi alikimbilie. Baadaye tukawa tunachelewesha kidogo, mpaka akae. Akikaa, anapata. Akinyanyuka, tunaangalia mawingu. Taratibu ikawa ukisema hodi anaacha chochote anachofanya, anakwenda kwenye gunia lake, anakaa wima kama mwanakwaya anayengoja kiitikio. Jirani alirudi kwa majaribio, safari hii akiwa amevaa suruali kuukuu kwa tahadhari. Aliingia, akakaa kwenye kiti, akanywa chai. Mbwa hakutoka kwenye gunia. Mzee alimaliza kikombe akakitazama, akasema kwa kweli mnyama huyu sasa ana malezi.

Kitu kimoja hatukukipanga. Jioni moja nilirudi kazini nimechoka, nikasukuma geti nikaingia bila neno. Mbwa akasimama, manyoya ya shingo juu, akanguruma kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikabaki na mguu mmoja ndani. Mke wangu akachungulia kutoka jikoni. "Piga hodi, bwana," akasema. "Humu ndani siku hizi kila mtu anapiga."

Nikapiga. Akaenda kukaa.

Nikamwita mama kwenye simu. "Mama, mbwa amehitimu."

"Amesoma mchana au jioni?"

"Mchana na jioni."

"Haya, tutaona," akasema, akauliza hali ya watoto, akakata. Sikujua kama ile ilikuwa ndiyo au hapana. Jumamosi ikapita. Nyingine nayo ikaja, nikakaa uani nikiunga fremu ya dirisha, masikio yote yakiwa barabarani. Kila pikipiki iliyopita nilishusha bisibisi. Baadaye nikaacha kushusha.

Geti lilifunguka polepole, bila sauti. Niliinua uso nikamwona mama. Pikipiki alikuwa ameiacha mbali, kona ya juu, ili tusisikie. Kifurushi kiko kwapani, kandambili zake amezishika mkononi, na midomo ameibana kama mtoto aliyekatazwa kuongea. Anaingia kwangu kimya kimya, kama nilivyomwomba siku ile. Mwanamke ambaye hata mbuzi anawapigia hodi. Alikuwa ameamua kuiacha ile adabu yake nje ya geti ili aje kukalia kigoda chake.

Mbwa akasimama. Manyoya ya shingo yakasimama naye, na ile sauti ya chini ikaanza. Mama akaganda. Nilishika tu ile fremu. Mama alimtazama mbwa, mbwa akamtazama mama. Ndipo mama, kwa sauti ndogo kabisa, kama mtu aliyekumbuka kitu kanisani, akasema, "Hodi."

Mngurumo ukakatika. Mbwa akageuka, akatembea mpaka kwenye gunia lake, akakaa wima, akamtazama mke wangu aliyekuwa ametokea mlangoni na mwiko mkononi.

Mama akalitazama gunia, kisha mbwa. "Kumbe," akasema, "alikuwa ananidai hodi yangu."

"Ndiyo mama. Karibu."

Badala ya kuingia alirudi nyuma. Akavaa kandambili zake, akatoka nje, akalivuta geti likafunga. Tukamsikia akikohoa, akiweka kanga sawa. Halafu ikaja hodi yake yenyewe, ile ya zamani, ndefu, yenye "mbukwa" nyuma yake kama anavyosalimia watu wa kwao. Wote kwa pamoja tukaitikia karibu, mimi, mke wangu na watoto waliokuwa wametoka mbio vyumbani, na kutoka ng'ambo ya barabara jirani naye akaitikia, ingawa hodi haikuwa ya kwake.

Mama akapita mbele ya gunia bila haraka. Kipande cha nyama cha mbwa alikitoa yeye, kwa mkono wake, kisha akaingia jikoni kutafuta kigoda.